Abiria Niliyempakia Karoo

Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana wa jua, nikiwa na akili zangu timamu na usukani mkononi. Sikuota. Sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini subiri kwanza nimalize.

Mimi ni mtu wa Tanga, nakaa Joubert Park, hapa Joburg, miaka mingi. Nilikuwa napika kwenye jiko la ofisi moja Marshalltown, na siku zote nilikuwa na hamu ya kuizunguka nchi hii peke yangu, bila mtu wa kuniuliza tunasimama wapi. Basi nikanunua kombi kuukuu, nikang'oa viti vya nyuma, nikaweka godoro, jiko la gesi na mapazia ya khanga. Majira ya baridi, mwaka uliofuata Kombe la Dunia, nikachukua likizo yangu nikatoka. Wanawake wenzangu wakapiga kelele: "Wewe! Peke yako? Kwenye baridi hii?" Nikawaambia baridi dawa yake blanketi. Nikashuka Durban, nikafuata pwani mpaka Cape Town, nalala kwenye vituo vya mafuta, nachemsha chai yangu, namwogopa nani? Niamini, sijawahi kufurahi vile.

Kurudi nikashika njia ya bara, ya Karoo. Unaijua Karoo? Uwanda mtupu, barabara imenyooka mpaka inachosha macho, na asubuhi vichaka vyote vimepakwa barafu nyeupe kama chumvi. Nililala kwenye mji mmoja mdogo, nikaondoka alfajiri. Jua ndiyo linachomoza, nikasimama kando ya barabara kwenye mahali pa kupumzikia, pale penye meza ya saruji, nichemshe chai. Nikainama kuwasha jiko. Nainuka, kuna mtu amekaa upande wa pili wa meza.

Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, amevaa shati la kijani la mikono mifupi. Mikono mifupi, kwenye baridi ya kugandisha maji! Akatazama mapazia yangu, akanisalimu kwa Kiswahili.

"Mama, munisaidie. Niko naenda Joburg, Joubert Park. Bibi yangu ananingoja."

Kwa ile "munisaidie" nikajua huyu Mrundi, na bibi kwao ni mke. Nikamuuliza amefikaje pale bila gari, akanionyesha barabara kwa kidevu tu. Nikampa chai. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. Sasa niambie, jirani yangu kabisa, mtu wa mtaa wangu, ningemwachaje pale? Nikamwambia apande mbele, akajifunga mkanda.

Hakuwa msemaji. Nilipomdodosa ndipo akaniambia mke wake anaitwa Consolata, binti yao Divine, wanakaa ghorofa ya nne juu ya saluni. Jengo lenyewe nalijua, hupita chini yake nikienda sokoni. Nikawasha hita mpaka mwisho, lakini baridi mle ndani haikupungua hata kidogo. Kisha nikaona jambo. Mimi nikisema, moshi unanitoka mdomoni. Yeye akisema, hakuna kitu. Nikajiambia ni macho yangu, nimeamka mapema mno.

Tukafika kituo cha mafuta. Nikanunua pai mbili za moto, nikampa mhudumu moja nikamwambia, "Mpe kaka yangu hapo mbele." Yule kijana akachungulia dirishani. Akanitazama mimi, akachungulia tena.

"Eish, mama," akasema. "Kaka yupi?"

Na kaka yuko pale pale, ananitazama kwa kioo! Mhudumu akaiweka ile pai juu ya boneti taratibu, akarudi kinyumenyume kwenye kibanda chake.

Hapo nilitaka kukimbia, sikufichi. Lakini sikukimbia. Kombi yangu, godoro langu, nimwachie nani? Nikaingia ndani, nikakaa, nikasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, neno kwa neno, nikisubiri apige ukelele apotee kama tulivyofundishwa watoto. Unajua alifanya nini? Aliinamisha kichwa kwa adabu mpaka nikamaliza, akasema, "Amina."

"Shuka," nikamwambia.

"Nitashuka, mama." Hakukasirika. "Hata wengine walinishusha. Mmoja alinishusha hapa hapa, mwingine pale mbele, kwenye daraja. Kila nikishushwa najikuta tena kwenye ile meza, na ni asubuhi tena."

"Wewe umekufa?"

"Sijue, mama. Nilikuwa nimepanda lori. Nikalala. Nilipoamka ilikuwa baridi."

Nilikaa nimeshika usukani, injini imezimwa. Ningeweza kumwacha pale, nikaingia Joburg jioni nikala wali wangu nikalala. Nani angejua? Lakini nikaiwaza ile meza, na yule mtu, na asubuhi isiyokwisha. Nikawasha gari.

"Sikushushi," nikasema. "Ila usiniguse, na usiniambie nitoke kwenye barabara kuu."

"Sawa, mama."

Siku nzima tulikwenda hivyo. Nilijifunga blanketi juu ya koti, meno yanagongana. Tukauvuka Mto Orange, tukaingia Free State, majani ya kahawia kila upande. Ili nisiogope nikawa namsimulia mambo ya Tanga, na yeye akanisimulia alivyokuwa akimbeba Divine mabegani kwenda kanisani. Tulipoanza kuyaona maghorofa jua lilikuwa linazama. Akajisogeza akaegemea kioo. Kila roboti, yaani taa ya barabarani, ikitusimamisha alikuwa akinong'ona, "Kijani, kijani."

Nikaegesha mbele ya saluni. Akasema, "Mumwambie sikumkimbia." Mlango haukufunguka. Nikageuka, kiti kitupu, mkanda umefungwa vile vile.

Nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Mwanamke akafungua, na nyuma yake binti mdogo ananiuliza kwa Kizulu mimi ni nani. Nikajieleza, nikasema nimetoka Karoo na nimemwona mume wake. Consolata akakunja uso.

"Yuko na nani huko? Mwaka mzima simu haipatikani. Kanisani wananiambia ameoa Cape Town."

"Yuko peke yake. Amesema nikwambie hakukukimbia."

"Alivaa nini?"

Nikamwelezea lile shati la kijani, na kifungo cha juu cheusi, vingine vyeupe. Akashika fremu ya mlango. Kile cheusi alikishona yeye, asubuhi ile mume wake alipoondoka kwenda kutafuta kazi. Akaketi chini pale pale kizingitini akalia, na mimi nikaketi naye.

Wiki iliyofuata niliwapeleka yeye na mchungaji wao, kwa kombi ile ile. Kwenye mji ule, ambao jina lake nalihifadhi kwa heshima ya familia, tuliuliza mpaka tukapata. Lori lilipinduka karibu na ile meza, majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, na abiria mmoja alizikwa bila jina. Sasa jina lipo, limechongwa juu ya jiwe. Wale waliomwambia Consolata kwamba mume wake ameoa walikuja kumwomba radhi mmoja mmoja. Divine ananiita shangazi.

Bado nasafiri peke yangu kila majira ya baridi, na sitaacha. Ila kiti kile cha mbele hakijapata joto tangu siku ile. Nimebadilisha hita, nimebadilisha kiti chenyewe, wapi! Ukikaa pale hata mwezi wa Desemba utaomba blanketi.

Nawe unayesafiri, nikuase. Sikukatazi kumpakia mtu. Barabara ni ndefu na watu wanataka kufika kwao. Lakini kabla hujamfungulia mlango, jiulize kama utamfikisha. Kama huwezi, pita moja kwa moja, usimpe hata salamu. Ukishampakia, mfikishe.