Maneno ya Mfaransa Mlangoni

Ilianza Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2008, saa nane na dakika ishirini mchana. Najua kwa sababu niliandika kwenye daftari langu kwa kalamu ya zambarau, nikapigia mstari mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Miaka imepita, na wiki iliyopita, nikitoka shule, nilipita mbele ya ule ukumbi wa sinema wa barabara ya Danforth nikakuta vioo vimebandikwa karatasi za kahawia na herufi za juu ya mlango zimeng'olewa. Nilipofika nyumbani nikalitafuta daftari chini ya kitanda. Nimelisoma lote, na bado nina hasira. Ngoja nikueleze, labda wewe utanielewa.

Tulikuwa tunakaa Crescent Town, huku ughaibuni, ghorofa ya kumi na nne, mimi, mama na bibi. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Don Mills, kwa hiyo Jumamosi zilikuwa zangu na bibi, aliyekuja kutoka Tanga nikiwa darasa la tatu. Korido yetu ilinuka vitunguu vya kila nchi, lakini mlango wetu ulijulikana kwa iliki. Kazi zangu zilikuwa mbili: kutwanga iliki kwenye kinu kidogo cha mbao, na kumtia bibi dawa ya macho, maana alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na alikuwa anangoja zamu yake ya kupasuliwa. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao. Yeye alisema Kiswahili, mimi nikamjibu Kiingereza, naye akajibu kile alichodhani nimesema. Hatukuwahi kugombana kwa hilo.

Ndani ya mkoba wake bibi alikuwa na picha ya gazeti iliyokunjwa mpaka ikachanika kati. Ilikuwa ya mwigizaji wa sinema wa Kifaransa. Hakuwahi kumtaja kwa jina, alisema tu "yule Mfaransa", lakini alijua maisha yake kama unavyojua ya shangazi yako. Kwamba alizaliwa mji wa bandari, baba yake muoka mikate. Kwamba aliingia kwenye filamu akiwa na miaka kumi na saba kwa sababu rafiki yake aliyeitwa kujaribiwa aliumwa siku hiyo. Aliolewa mara tatu. Aliacha kuigiza miaka minane, watu wakasema amekwisha, halafu akarudi na mvi zake, akaanza kuigiza akina mama, baadaye mabibi. Bibi alihesabu maisha yake mwenyewe kwa ya huyo mwanamke. "Alipoachwa na yule wa kwanza," atakwambia, "ndiyo mimi nina mimba ya mama yako." Au, "Aliporudi na mvi, na mimi nikaacha kutia hina kichwani."

Yote yalitoka kwenye filamu moja. Tanga ya ujana wake ilikuwa na onyesho la akina mama, Jumatano alasiri, mwanamume haruhusiwi hata kusimama mlangoni. Wanawake waliingia na watoto na karanga, na wala hawakunyamaza. Walimwonya mwigizaji, walimtukana mume wake, walilia kwa zamu. Filamu ya Mfaransa ilipokuja hakuna aliyejua lugha yake isipokuwa mama mmoja Mngazija, aliyekaa katikati ya ukumbi akawa anatafsiri kwa sauti, neno kwa neno. Mume anamwacha mke na watoto wawili, anapotea miaka saba. Usiku mmoja wa mvua anabisha hodi. Mke anafungua, wanatazamana, mke anafumbua mdomo aseme, na umeme unakatika.

Walingoja mpaka magharibi. Umeme haukurudi, na kesho yake filamu ikapelekwa Mombasa. Basi wanawake wa Tanga wakagawanyika, wengine wakasema amemkaribisha, wengine wakasema amemfukuza, na kuna mashoga walionuniana kwa ajili hiyo. Bibi alikuwa upande wa waliosema amemkaribisha. Miaka kadhaa baadaye babu akaenda zake Tabora kwa mwanamke mwingine. Akakaa miaka miwili, akarudi, akabisha.

"Nilimkumbuka Mfaransa," bibi aliniambia. "Nikasema, kama mzuri vile amesamehe, mimi nani?"

"But you didn't know," nilimwambia.

"Ndiyo nakwambia, sikujua. Ila mlango ukishaufungua huwezi tena kusema hukusikia hodi."

Sasa unaelewa kwa nini bango nililoliona wiki ile mbele ya ukumbi wa Danforth lilinisimamisha. Niliona uso wake pale ukumbini, ule ule wa kwenye mkoba, na chini pameandikwa kwamba mwigizaji anastaafu na kila siku ya wiki hiyo wataonyesha filamu yake moja, mara moja tu. Ya Jumamosi ilikuwa ile ya mume anayepotea miaka saba. Nakuambia ukweli, nilifikiria kutomwambia bibi. Nilijua kitakachofuata. Maandishi ya tafsiri chini ya skrini yangekuwa Kiingereza, na bibi hawezi kuyaona, achilia mbali kuyasoma. Mimi tangu chekechea nilikuwa nasomeshwa kwa Kifaransa. Wa kumtafsiria nilikuwa mimi tu.

Nilimwambia Ijumaa jioni. Akasema, "Haya. Wewe ndiye Mngazija wangu."

Akapiga pasi kanga mbili na koti la baridi, ingawa nje kulikuwa bado na joto. Tulivuka lile daraja la kwenda kwenye treni, yeye kashika mkono wangu kwa nguvu, karanga za kukaanga zimefungwa kwenye gazeti ndani ya mkoba. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi kichwani. Mume ni mume. Mvua ni mvua. Kusubiri, kungoja, kuvumilia. Niliyajua maneno yote, si unajua, ila sikuwahi kuyatoa mdomoni mbele ya watu.

Saa nane na dakika ishirini taa zikazimwa. Ukumbi haukujaa, labda watu arobaini, wengi wazee, kila mmoja kakaa mbali na mwenzake. Yule Mfaransa akatokea, kijana, anakata mkate. Bibi akanifinya goti. Nikaanza kumnong'oneza. Sentensi ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, ya tatu nikachanganya ngeli bibi akacheka kidogo, akasema, "Endelea, nimekuelewa." Rafiki yangu, kwa dakika kumi hivi nilikuwa naweza. Nilikuwa nasikia Kifaransa sikio moja na Kiswahili kinatoka chenyewe, sijui kutoka wapi. Bibi akaanza kumsemesha Mfaransa, polepole, "Usimwamini huyo, mwanangu."

Mtu wa nyuma yetu akainama. Hakuwa mkali. Ningependa awe mkali, ningepata wa kumchukia. Alisema kwa upole kabisa, "Samahani, wengine tunajaribu kusikiliza."

Nikanyamaza.

Bibi akangoja. Akanigusa mkono. "Anasemaje?" Nikatikisa kichwa gizani, kana kwamba angeona. Baada ya muda akauliza tena, na mara ya tatu hakuuliza. Akakaa wima na mkoba mapajani, anatazama mwanga asioelewa umbo lake, saa nzima na zaidi. Karanga hazikufunguliwa. Mume akaondoka, miaka saba ikapita, mvua ikanyesha, hodi ikabishwa. Kwenye skrini palikuwa na uso wa Mfaransa peke yake. Alisema maneno machache sana. Niliyasikia yote. Sikio la bibi lilikuwa kando ya mdomo wangu, alikuwa amelileta mwenyewe, na sikusema. Taa zikawaka, yule bwana wa nyuma yetu akavaa kofia yake, akatuaga kwa heshima.

Njiani bibi alijifunika kanga ya pili. Alisema tu treni ina baridi.

Kiswahili changu sasa ni kizuri, kila mtu msikitini ananisifu. Bibi alipasuliwa macho, akakaa majira mengine mawili ya baridi, akarudi Tanga, na mwaka jana tulimzika kwa simu, mama kashikilia spika tusikie dua. Ghorofa yetu hainuki iliki, mama ananunua ya kusagwa. Ule ukumbi nao ndiyo huo umefungwa, na filamu yenyewe nimeitafuta maktaba zote, haipo. Nina maneno yote ambayo siku ile hayakunitoka mdomoni, na sina wa kumnong'oneza. Hilo ndilo linaloniudhi.

Asubuhi ya pili baada ya ile filamu, Jumapili, niliamka kabla mama hajarudi kutoka zamu ya usiku. Nikapiga simu ukumbini, mimi ambaye hata piza siagizi, nikauliza kama wataionyesha tena. Msichana aliyekuwa anasafisha ukumbi akasema imeshafungashwa. Nikaenda jikoni. Bibi alikuwa anakaanga maandazi kwa kusikiliza mlio wa mafuta. Nikavuta kigoda nikaanza kumsimulia filamu kwa Kiswahili, kuanzia mkate. Nilipofika pale niliponyamazishwa nikakwama. Sehemu yote ya katikati sikuikumbuka, nilikuwa sisikii chochote ila moyo wangu.

"Ruka," bibi akasema. "Nenda mlangoni."

Nikaenda mlangoni. Nikasema kama Mfaransa alivyosema, bila kupandisha sauti: "Watoto wamelala. Njoo kesho mchana wakuone, kisha uende zako."

Bibi akageuza andazi moja, akageuza la pili.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Alikuwa analia?"

"Hapana, bibi."

"Mimi babu yako nilimfungulia," akasema. "Tena nikampashia maji ya kuoga." Akazima jiko. Mafuta yakaendelea kuchemka peke yake kwa muda. "Ungeniambia jana, mke mwenzangu, uso wake ukiwa mbele yangu. Jana nilikuwa na wanawake wote wa Tanga mle ndani. Leo niko na sufuria."

Nikachukua sahani nikayatoa maandazi moja moja, na mawili yalikuwa yameungua upande mmoja. Hayo nikala mimi.