Sauti Niliyompa Punda

Aibu hii ni yangu na nimeshaizoea, kwa hiyo ngoja niwasimulie mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia kwa namna yake (yeye hutia chumvi, na ukimwambia apunguze anasema chumvi ni haki yake kwa sababu aliyedhalilishwa ni baba yake). Nyie mnanijua kwa sauti za redioni, bibi mkali, kasuku, karani mlevi, miaka nenda miaka rudi, mkadhani nilizaliwa bingwa. Hamjui nilikoanzia.

Nilianzia kwenye gari la sinema la serikali, enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini. Tulizunguka Temeke, Chang'ombe, siku nyingine hadi Kimbiji kule, tukifika tunatundika shuka jeupe, tunawasha jenereta, watu wanakaa chini. Picha zenyewe hazikujua Kiswahili, basi mie ndiye niliyekuwa Kiswahili chao: nakaa kwenye mlango wa nyuma wa gari na kipaza sauti changu, nasema mwanamume, nasema mwanamke, nalia mtoto. Na kwa kuwa mkono wangu haujui kutulia, nikachora na katuni yangu mwenyewe. Vioo viwili, kimoja punda kafumba mdomo, cha pili kaufumbua, ukivipishanisha haraka mbele ya taa punda anaongea pale shukani. Punda huyo alikuwa hataki kuoga. Bwana Afya aliipenda mno, akasema hiyo ndiyo elimu.

Wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa. Yaani sikupeleka mie, posa hupelekwa na wazee, muoaji kazi yake kukaa kwao ametulia kama maji ya mtungini. Ami yangu, Ami Shabani, ndiye aliyekwenda Temeke kwa Bwana Omari kuniombea binti yake, Mwanaidi. Binti nilimwona mara moja tu kwenye harusi ya watu, na tangu hapo chakula kilikuwa hakipiti. Baba yake sikumjua hata kwa sura. Jibu lilikuwa litoke Ijumaa, na Alhamisi yake mie nina sinema hukohuko Temeke.

Sasa sikilizeni nilipojikwaa. Siku moja kabla ya sinema nilikaa kwenye kahawa Chang'ombe, na pembeni yangu mzee mmoja alikuwa anabishana na wenzake. Jamani, ile sauti! Anakohoa mara mbili kwanza, anaanza chini, anapanda, anapanda, akifika juu kabisa anauliza, "Sivyo, wajameni?" na jibu halingoji. Nilikunywa kahawa polepole ili niipate yote. Alhamisi ilipofika, punda wangu akaanza kwa sauti yake ya siku zote, watu kimya, mtu nasikia anapiga miayo. Nikasema moyoni, hebu nimjaribu yule mzee.

Punda akakohoa mara mbili. "Maji ni ya samaki, mie ya nini kuoga? Sivyo, wajameni?"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mie kichwa kikavimba, nikamwongezea punda kiburi na kikohozi, watu wakaanza kuita, "Mzee Makuti! Mzee Makuti!" Wote wamenipa mgongo, giza, jenereta linanguruma, nikajua tu wamempenda punda wakampa jina, na zawadi ya watazamaji haikataliwi. "Naam, ndiye mie Mzee Makuti," punda akajibu, "na sabuni siigusi mpaka siku ya kuoshwa!"

Ndipo Ami Shabani akaja mbio, kanzu kaikusanya mkononi, anahema.

"Zima, mwanangu! Zima! Huyo unayemfanya punda ni mkweo! Ndiye Bwana Omari, babake Mwanaidi, muuza makuti, kakaa mbele kabisa pale, na jibu la posa ni kesho!"

Angeninong'oneza ningemshukuru. Lakini kipaza sauti kilikuwa wazi katikati yetu, na spika juu ya gari ikaimwaga posa yetu kwa Temeke nzima, na jina la binti wa watu ndani yake. Na mie, badala ya kufunga bakuli langu, nikajibu, na ile sauti ilikuwa bado imenikaa kooni: nikakohoa mara mbili, "Ati yule mzee wa kahawa ndiye mkwe wangu? Nimekwisha mie! Sivyo, wajameni?"

"Ndivyo!" ukaitikia uwanja mzima.

Nikaacha kupishanisha vioo, punda akabaki shukani mdomo wazi.

Ijumaa jibu halikutoka. Ami alikwenda kuomba radhi, akapewa kahawa, akasindikizwa mlangoni. Nililia, nasema kweli, na wala si kwa kuogopa kufukuzwa kazi, nilimlilia Mwanaidi. Halafu ukaja ujumbe kutoka kwa Bwana Omari: gari likirudi Temeke, kijana asianze kabla yeye hajafika. Nikajua ni bakora.

Likarudi. Akaja, bakora kweli anayo, na nyuma yake wanawake wa nyumbani kwake wamejitanda kanga. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Lete hicho kidude. Na huyo punda wako mtie shukani."

Nikampa kipaza sauti, nikashika vioo. Mzee akajinyoosha, ikamtoka sauti nyembamba ya puani, yenye madaha, inavuta maneno utadhani imezaliwa redioni: "Mabibiii na mabwanaaa! Nyamazeni, bingwa naanza!" Watu wakavunjika mbavu. Mie pia nilicheka, hofu yote ikanitoka, nikamgeukia dereva kumwuliza ni nani yule anayeigizwa, maana anachekesha sana.

Dereva akanitazama kwa huruma. "Ni wewe, bwana."

"Mimi punda," mzee akaendelea kwa sauti yangu hiyo, "nilikuwa sitaki kuoga. Nikapeleka posa kwa watu. Leo nimeoga, nimesugua mpaka masikio, na baba mtu amenikubali."

Vigelegele vilivyopigwa upande wa wanawake sijavisikia tena mpaka leo, na vioo vyangu nikavisahau mikononi.

Tangu siku ile niliapa, sauti ya mtu siichukui mpaka nijue kwao ni wapi na ana mabinti au hana. Mwanaidi naye, nikianza kujikweza mbele ya wageni kama hivi, hunichungulia mlangoni akaniuliza kama leo nimeoga.