Bwawa la shamba la ngano na mlinzi asiyekula samaki

Mungu ashukuriwe, aliyenifikisha umri wa kuandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Wakuu walionizidi umri, shikamooni. Walio wadogo, marahaba.

Nasema kweli tupu, maana dhambi mojawapo humu ni yangu.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, mimi katekista wa Endagikot nilikuwa mtunza stoo wa shamba moja.

Akaletwa mtaalamu wa samaki. Alipandikiza perege wachanga bwawani kwetu, akaomba jambo moja tu: wasivuliwe mpaka wazaliane.

Meneja akasikia mgeni rasmi anakuja. Akataka mavuno.

"Bado ni wadogo," akasema mtaalamu.

"Mdogo hapa ni wewe," meneja akamjibu.

Nikatumwa Babati kununua samaki. Nikawafunga mmoja mmoja kwenye wavu, nikauzamisha bwawani, nikisali wasinuke. Sala ile sijui ilipokelewa na nani.

Wavu ukavutwa, mgeni akapiga makofi.

Mzee Gidamis, mfugaji wa Getanuwas, alikuwa ananywesha ng'ombe pale. Kwao samaki ni ndugu wa nyoka, hawali. Akainama.

"Meneja, mimi samaki siwajui. Ila hawa waliogeleaje bila matumbo?"

Mgeni akamgeukia mtaalamu. Angeitetea ile mbinu, kazi yake ingebaki.

"Mzee yuko sahihi," akasema. "Hawakutoka humu."

Wiki haikuisha, akahamishwa. Meneja akaunda kamati ya kulinda bwawa. Ilipata kikaango kabla ya kupata katibu.

Mtaalamu hakuiaga kamati. Alikwenda kwa Mzee Gidamis.

"Mzee wangu, nakuachia wewe kwa sababu huwapendi."

"Siwapendi kabisa. Lakini nikikabidhiwa, nimekabidhiwa."

Kamati ilikwenda bwawani mara moja, ikamkuta ukingoni na fimbo yake. Haikurudi.

Shamba lilikufa, matrekta yakaota kutu. Mwaka jana nilipita pale. Mjukuu wa mzee akanipa perege wawili wanene, amewashika kwa majani, uso kaugeuzia pembeni.

Nyumbani nikawapasua. Walikuwa na matumbo.

Nilichojifunza, wakuu: kitu cha wote usimkabidhi anayekimezea mate. Nanyi kwenu nani alilinda asichokula? Semeni, nasoma polepole lakini nasoma.

Wewe uliyefika hapa, Mungu akupe mlinzi mwaminifu, na akuepushe na kamati.