Gia ya Mbele ya Mwamina Awadhi

Mwamina Awadhi alichoka kabla Kirikuu, lile gari dogo la mizigo, halijaondoka Chinongwe, na safari yenyewe ilikuwa ya kununua matairi tu. Alikaa nyuma, kati ya tairi kuukuu la mbele la trekta na Harithi, katibu wa kikundi cha wakulima, aliyepakata bahasha yenye muhtasari wa kikao. Mbele, ubavuni mwa dereva, alikaa Mzee Masoudi, mwenyekiti, ambaye umri ulimpa haki ya kiti na haki ya kusinzia. Nachingwea ilikuwa mbali kiasi cha kutosha vyote viwili.

Muhtasari ulikuwa mfupi kuliko kikao. Ulisema kwamba matairi ya trekta la kikundi yameisha kwa misimu miwili, wakati ya mtu mmoja kule Lionja yana mwaka wa saba na bado yanang'ata udongo. Kwamba kwa hiyo yamethibitika kuwa mabovu. Na kwamba ya aina ile yasinunuliwe tena. Wanachama wote waliafiki. Mwamina naye aliafiki. Ilikuwa saa tisa, hajala, na mkono wake ulinyooka pamoja na mikono ya wenzake.

Lakini alijua kwamba matairi hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa lake.

Trekta lilikuwa dogo, la kupita chini ya matawi ya mikorosho bila kumvunja dereva shingo, na lilivuta kwa magurudumu yote manne. Siku lilipoletwa, alikuja nalo mtaalamu wa kumfundisha dereva. Wanaume walikwenda ofisi ya kijiji kufanya kikao cha kumchagua atakayefundishwa. Mwamina alibaki kwenye kivuli cha trekta kwa sababu mgongo ulimuuma, na mtaalamu, ambaye alikuwa na gari la kuwahi, alimfundisha aliyekuwepo. Kikao kilipotoa jina, mtaalamu alishafika Ruangwa. Hivyo ndivyo mwanamke wa miaka hamsini na moja, mama wa Zaina na wadogo zake wawili, alivyopata kazi pekee ya shamba ambayo mtu anaifanya amekaa. Mgongo wake ulikuwa umeshalikataa jembe. Huo usukani haukuwa cheo. Ulikuwa ugali.

Mtaalamu alimwonyesha kigia kidogo chini ya kiti. "Shambani na kwenye tope, ingiza, magurudumu ya mbele nayo yavute. Kwenye barabara ngumu, toa, yasije yakalika." Alisema mara mbili, na Mwamina alisikia mara zote mbili.

Ila msimu ule wa kwanza, akiteremka kwenye mteremko wa mawe mekundu na tela lenye magunia ishirini na nne ya korosho, alikanyaga breki, magurudumu ya nyuma yakasimama, na trekta likaendelea kwenda. Tela lilikuwa na haraka zake. Aliingiza kile kigia bila kufikiri, ya mbele yakashika, na trekta likatulia hatua nne kabla ya daraja. Tangu siku hiyo hakukitoa. Alipokodishwa Nanganga kubeba ufuta, akapita kwenye lami na kigia ndani. Akarudi nacho ndani. Lami ikayala matairi, hasa ya mbele, taratibu, bila kelele.

Angeweza kunyamaza. Lakini Harithi alikuwa ameshaulizia kwa simu matairi makubwa zaidi ya nyuma, manene, ambayo yangeingia kwenye ringi ile ile, na Mwamina alijua yangefanya nini. Akinyamaza, trekta litavunjika. Akisema, atashushwa kwenye usukani.

Nachingwea iliwahi kuona matrekta mengi. Wakoloni walileta makundi mazima kulima karanga, na ardhi ikayashinda yote bila kuandika muhtasari. Mji haujawahi kuyashangaa tena. Kassian, muuza matairi, aliwapokea bila kuinuka kwenye kiti chake, akalitazama lile tairi kuukuu, akapitisha kiganja mahali palipokuwa na meno.

"Mnalimia barabarani?" aliuliza.

Harithi akacheka. "Feki hilo, fundi. Tunataka yale makubwa niliyokwambia."

Kassian akayaonyesha. Yalikuwa meusi, mapya, yenye kifua. Mzee Masoudi aliligonga moja kwa fimbo, nalo likajibu vizuri.

"Haya ndiyo matairi," alisema. "Yanaingia kwenye ringi yetu?"

"Yanaingia, mzee. Kama yatapatana na ya mbele, hayo ni mambo ya ndani ya nyumba yenu."

Mwamina alifungua fundo la kanga akatoa kamba ya katani. Asubuhi ile alikuwa amelipima nayo tairi la nyuma la zamani, kuzunguka lote, akakata. Sasa akaizungusha kwenye tairi jipya. Ncha mbili hazikukutana. Aliweka mkono katikati yake: shubiri nzima, kasoro kidogo.

"Shubiri moja," alisema Harithi. "Mama Zaina, tumekuja kununua tairi au kushona suruali?"

"Mbele na nyuma zimefungwa na gia moja, katibu. Hesabu yake imeshapangwa huko kiwandani. La nyuma likipiga hatua ndefu, la mbele halina ruhusa ya kuongeza yake. Litaburutwa. Litaburutwa kila mzunguko, mpaka kitu humo ndani kikatike."

"Si tusiiguse hiyo gia ya mbele!"

"Halafu mvua zikikolea, kule bondeni, utalitoa wewe kwa mabega?"

Mzee Masoudi alicheka, kisha akakumbuka yeye ni mwenyekiti. "Ongeeni vizuri. Fundi, anasema kweli?"

"Mimi nauza matairi," alisema Kassian. Akafikiri kidogo. "Lakini anasema kweli. Ya saizi yenu ninayo kule ndani, ya mbele na ya nyuma."

"Ya saizi yetu ni yale yale!" Harithi alitoa muhtasari kwenye bahasha. "Kikao kimeyakataa. Nimeandika kwa mkono wangu. Tukirudi nayo tutaonekana watu gani?"

Mzee Masoudi alimgeukia Mwamina. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri, anayetaka kurudi kwake.

"Mwamina, nipe neno moja la kuwaambia wanachama. Tairi lililokufa kwa misimu miwili, nalirudiaje?"

Mwamina alianza kuikunja kamba. Aliikunja yote, akaifunga kwenye kanga, na ilipokwisha hakukuwa na kitu kingine cha kukunja.

"Halikufa lenyewe," alisema. "Nimeliua mimi. Gia ya mbele sijaitoa tangu korosho za msimu wa kwanza. Hata kwenye lami."

Kassian akaanza kutafuta kitu kwenye droo.

"Hukufundishwa?" aliuliza Mzee Masoudi.

"Nilifundishwa. Niliogopa mteremko wa mawe mekundu. Bila ile gia, trekta halisimami na tela."

"Na Nanganga? Kule mteremko uko wapi?"

"Haupo. Niliogopa nikiitoa nitasahau kuirudisha."

"Misimu miwili unaogopa, hutuambii?"

"Mngefanya nini, mwenyekiti?"

"Tungekuondoa."

"Ndiyo."

Mzee Masoudi aliyatazama yale matairi yenye kifua kwa masikitiko, kama mtu anayeagana na wageni aliowapenda. Akasema waletewe ya saizi yao. Halafu akatoa hukumu akiwa amesimama, maana Kassian alikuwa na kiti kimoja: shambani ataendelea Mwamina, barabarani, na tela, ataendesha Harithi, ambaye anayo leseni na hana woga.

"Woga sina," alisema Harithi.

Nusu ya kazi, basi. Mwamina alijaribu kuona kama ameumia, akakuta uchovu umekaa mahali pote, hata pale ambapo uchungu ungepaswa kukaa.

"Muhtasari je?" aliuliza Harithi. "Wameshatia sahihi."

"Andika kwamba matairi yamesamehewa."

Kassian alirudi na swali. "Meno marefu au mafupi? Mafupi yanavumilia barabara. Marefu yanauma shambani."

Wanaume wawili walitazamana, kisha wote wakamtazama yule waliyemwondoa barabarani muda huo huo.

"Marefu," alisema Mwamina. "Mafupi yatateleza bondeni. Barabarani mtoe gia, yatadumu."

Walirudi alasiri. Mzee Masoudi alisinzia hata kabla nyumba za mji hazijaisha. Nyuma, Mwamina na Harithi walikaa juu ya matairi mapya yaliyonuka mpira, migongo wakiwa wameielekeza mbele, wakiitazama njia waliyoiacha. Harithi aliongea sana mwanzoni: habari za leseni yake, za gari la mchanga alilowahi kuendesha Masasi, za watu wanaosumbuliwa na breki kwa kutozijua. Mwamina aliitikia kila ilipobidi.

Walipovuka daraja, gari likapunguza mwendo, dereva akashusha gia. Mawe mekundu yakaanza kupita pembeni. Barabara ikainuka, na nyuma yao ikabaki imening'inia mpaka chini, nyembamba, na daraja mwishoni mwake kama kijiti.

Harithi aliiacha habari ya breki katikati.

"Ndio huu?" aliuliza.

"Ndio huu."

"Tela lilikuwa na magunia mangapi?"

"Ishirini na nne."

Harithi aliangalia chini, darajani. Kisha akashika ukingo wa gari kwa mikono miwili, ingawa walikuwa wanapanda.