Mawe Niliyoyadai Stendi ya Kayanga

Nichekeni tu, nastahili. Wakati ule sukari ilikuwa imepotea madukani. Nilinunua redio iliyotumika kwa Bi Mwanaisha, mwenye duka Bukoba. Pesa nilimpa dereva wa basi ampelekee, pamoja na kikapu cha maharage ya shambani kwangu Kituntu, kumshukuru kwa kunipunguzia bei.

Redio ilifika stendi ya Kayanga ndani ya kikapu kilekile, kimeshonwa mdomo. Karani wa basi akakipima, akanitajia nauli ya mzigo. Nikapandisha hasira.

“Redio ndogo haiwezi kuwa nzito hivi. Yule mama kajaza mawe, na nyie mnakula pamoja.”

Watu wakajaa. Nikaamuru kifunguliwe palepale.

Karani akakata uzi. Juu ilikaa redio. Chini yake sukari, chumvi na sabuni za mche. Mama mmoja aliinama kunusa sabuni, akafumba macho. Mimi mwenyewe nilisahau kufunga mdomo.

“Bi Mwanaisha alisema anaona haya kukurudishia kikapu kitupu,” dereva akasema taratibu.

Karani akanigeukia. “Sasa mzee, mawe haya tuyarudishe Bukoba?”