Junagadh kwa Gari la Bwana Kanji

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa usukani, nilipewa hendeli. Hendeli ni mpini wa chuma uliopinda, unachomekwa mbele ya gari na kuzungushwa kwa nguvu mpaka injini iamke. Ninyi mnaowasha gari kwa ufunguo huku mmekaa hamjui hasira zake. Injini ikikataa hurudi nyuma kwa kishindo, na mkono uliokaa vibaya huvunjika. Fundi mkuu wa karakana pale Itigi, Mgoa mmoja mwembamba asiyecheka, alinishika kidole gumba akakilaza pamoja na vidole vingine.

"Kikae upande huu," akasema. "Ukikipeleka upande ule, utarudi kwenu Sepuka bila hicho kidole."

Sepuka nilikuwa nimeondoka kwa kuchoka jembe. Baba alinicheka sana. Alisema gari ni ng'ombe asiye na maziwa wala ndama, na mtu mwenye akili hachungi mnyama wa namna hiyo. Nikamwachia ng'ombe zake, nikaenda kuwa taniboi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye lori lililobeba asali na nta kutoka vichaka vya Itigi mpaka stesheni. Nilijaza maji kwenye rejeta, niliziba tyubu kwa kiraka na sulisheni, kisha nilipanda juu ya mizigo kuota usukani. Nyuki walitufuata njia nzima.

Nilipopata leseni nilipelekwa Kilimatinde kumwendesha Bwana Shauri. Hivyo ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya enzi za Mwingereza, kwa kuwa mashauri yote yaliishia mezani kwake. Kilimatinde imekaa juu kabisa ya ukingo wa bonde, na ukitoka hapo kwenda chini barabara inashuka mpaka masikio yanaziba. Breki za siku zile zilivutwa kwa fimbo za chuma, hazikutumia mafuta kama za leo, na zikipata moto hazishiki tena. Bwana Shauri alikaa kando yangu, kofia magotini.

"Juma," aliniambia, "mteremkoni injini ndiyo breki yako ya kwanza. Dereva anayezima injini akishuka namnyang'anya leseni, nikimkuta hai."

Nikaishika amri hiyo kama mtu anavyoshika swala. Halafu vita vikaja, Bwana Shauri akahamishwa, nami nikaajiriwa Singida mjini na Bwana Kanji, mfanyabiashara wa karanga na nguo, akanifundisha kinyume chake. Petroli ya wakati wa vita ilitolewa kwa kibali na ilikuja katika madebe. Bwana Kanji aliilinda kuliko duka lake. Kila tulipofika penye mteremko alinigonga bega.

"Juma, mteremko iko bure, Mungu ametoa. Kwa nini wewe choma petroli?"

Basi nikajifunza kuweka gia frii, maana yake kuyaachia magurudumu yaende yenyewe, nikazima injini, gari likateleza kimya. Miteremko ya Singida ni ya upole, si kama ya Kilimatinde. Hata hivyo, mwanzoni nilitokwa jasho kila mara, nikimwona yule Bwana Shauri wa zamani amesimama kando ya njia ananyoosha mkono kudai leseni.

Bwana Kanji alikuwa na mama yake mzazi. Yeye alimwita Ba, kwa lugha yao, na sisi wengine tulimwita Bibi. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa sari nyeupe ya ujane, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Aliletwa nchi hii akiwa bibi arusi na hakuwahi kurudi kwao. Sasa macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari alisema ugonjwa ule huanza pembeni ya jicho na kuja katikati taratibu, wala dawa hakuna. Bibi hakulia. Alisema anataka kuuona Junagadh, mji wa kale wa India alikozaliwa, kabla giza halijamaliza kazi yake. Lakini meli zilikuwa zinabeba askari na shehena za vita, msafiri wa kawaida hakupata nafasi. Mwanawe aliuliza, akauliza tena. Kila mara aliambiwa asubiri, na kila mwezi Bibi alizidi kupapasa ukuta akitembea.

Alasiri moja nilikuwa nampeleka kwa jamaa yao mgonjwa, ng'ambo ya mji. Tulipofika kwenye mteremko unaopita kati ya yale mawe yetu makubwa, yaliyopandana kama mizigo iliyopakiwa na mlevi, nikazima injini kama ilivyokuwa desturi. Kukawa kimya. Ulisikika upepo, na matairi juu ya changarawe. Nyuma yangu Bibi akavuta pumzi kwa nguvu.

"Juma. Hapa iko Uparkot."

"Hapa ni Singida, Bibi."

"Nyamaza. Endesha."

Uparkot ni ngome ya zamani iliyokaa juu ya mwamba, ndani ya Junagadh. Bibi aliieleza huku gari likiteleza: lango la kwanza, na ndani yake lango lingine, na lingine tena, mzinga mrefu wa shaba ambao watoto huuparamia, visima vilivyochongwa ndani ya jiwe, unashuka ngazi na ngazi mpaka baridi ya maji inakupanda miguuni. Alisema kwa sauti ya msichana. Mteremko ulipokwisha nikawasha injini, naye akanyamaza hapo hapo. Niligeuka kumtazama. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyeamshwa.

Tangu siku hiyo Bibi akawa na jamaa wengi sana wagonjwa.

Mimi nikawa naitafuta miteremko. Nilijua kila mahali ambapo gari litakwenda lenyewe, nikaunganisha njia kwa namna ambayo dereva mwenye haraka asingeielewa. Ziwa dogo la Kindai likawa kidimbwi kitakatifu walikooga mahujaji kabla ya kupanda mlima. Jiwe moja refu karibu na boma la Mjerumani likawa kaburi la wakubwa, lenye minara ambayo ngazi zake huzunguka kwa nje mpaka juu. Jiwe jingine la mviringo, kando ya njia, lilikuwa lile ambalo mfalme wa kale aliliandika maneno kuwaamuru watu wawahurumie wanyama.

"Yeye mwenyewe alikuwa hali nyama?" nikauliza.

"Alikuwa napunguza," Bibi akajibu.

Sijui niwaelezeje alasiri zile. Jua limelala juu ya mawe, vumbi letu limebaki nyuma limesimama hewani, gari halina sauti, na bibi kizee ananitajia mtaa wa wafua shaba, mtaa wa wauza maua, nyumba ya shangazi yake yenye dirisha la kijani. Nilikuwa naviona. Wallahi nilikuwa naviona, mimi mtoto wa Sepuka ambaye mji mkubwa kwake ulikuwa Itigi siku ya treni.

Macho yake yalivyozidi kufifia, kazi ikageuka. Ikawa mimi ndiye namwambia tumefika wapi.

"Bibi, tumefika kwenye kasri la Nawabu, yule mfalme wenu. Ng'ombe wanaingia."

"Ng'ombe naingia wapi?"

"Ndani, Bibi. Jua linakuchwa."

Hapo ndipo alipogundua. Sisi Wanyaturu nyumba yetu ni tembe, paa lake ni bapa na limekandikwa udongo, na ng'ombe hulala humo humo pamoja na wenyewe. Mkubwa wa watu kwetu ndiye mwenye tembe refu na ng'ombe wengi. Sasa mimi nilikuwa nimeijenga Junagadh nzima kwa tembe, kuanzia lango la kwanza mpaka kwa shangazi, na mfalme nikampa zizi ndani kwa heshima yake. Bibi alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Nawabu nalala na ng'ombe! Acha, Juma, usitoe. Acha walale."

Siku moja tulikutana na Bwana Shauri wa Singida, kijana mwekundu aliyekuwa akikagua barabara. Alisimama katikati ya njia, mkono juu. Nikakanyaga breki na moyo nikaukanyaga pia, kwa sababu kupoteza petroli ya vita kwa matembezi lilikuwa kosa la kumfunga tajiri wangu na kuninyang'anya mimi leseni.

"Mnakwenda wapi?"

Kabla sijapata uongo wa maana, Bibi alijibu kutoka nyuma, "Junagadh."

Bwana Shauri akanitazama. Akaweka kiganja juu ya boneti, akainamisha sikio.

"Injini imezimwa?"

"Ndiyo, bwana. Tunashuka tu."

Alisimama pale akimtazama Bibi, ambaye alikuwa ameyageuza macho yake upande usiokuwa na mtu. Nadhani alielewa. Huenda naye alikuwa na mama mahali fulani palipokuwa panadondoshewa mabomu.

"Junagadh ni mbali," akasema. "Mrudi kabla ya giza." Akasogea kando, akanisukumia gari kwa bega lake ili liondoke.

Vita vilipokwisha meli zikaanza tena kuchukua watu. Bwana Kanji hakupoteza wakati, akafunga safari na mama yake. Kufikia hapo Bibi aliona mwanga na kivuli tu, tena kwa jicho moja. Niliwapeleka stesheni ya Itigi. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilikuwa na wivu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi, safari njema," naye akanipapasa uso wote kwa viganja kama anayepima kitambaa, akapanda treni.

Walirudi mvua zikiwa zimekwisha. Nilikuwa stesheni mapema, gari limeoshwa, sari nyeupe naitafuta katika kila dirisha. Bwana Kanji alimshusha mama yake akamketisha garini, kisha akanivuta kando. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Mji iko vilevile, Juma," akasema. "Mimi nilikodi gari nzuri kabisa, na dereva wa palepale, mtu wa heshima. Alitupeleka langoni, kaburini, chini ya mlima, kila mahali. Anaeleza kwa lugha yetu, vizuri kuliko mimi. Ba kimya. Kisha akasema, 'Mwambie azime injini.' Dereva akasema, 'Mama, hapa kuna punda, kuna baiskeli, watu wanapita, siwezi.' Ba akasema basi, turudi nyumbani. Nikampeleka nyumba ya shangazi yake. Akasema, 'Si hapa. Nyumbani.'"

Alipangusa macho kwa mkono wa kanzu yake. Tuliingia garini, tukaondoka.

Tulivipita vichaka vya Itigi. Nje ya vichaka nchi inafunguka, na barabara inainama taratibu kuelekea mashambani. Nilikuwa naogopa kuzima. Nilijiuliza kama mji ule bado upo mahali ulipokuwa, au kama Bibi ameuacha kulekule ulikokosekana. Ni Bwana Kanji aliyenigonga bega, safari hii kwa upole, wala hakutaja petroli.

"Juma. Zima."

Nikazima. Ukimya ukaingia garini. Nikakohoa, nikaanza kwa ile sauti yangu ya zamani.

"Bibi, tumefika lango la kwanza."

"Hapana," Bibi akasema. "Ile nimeaga. Leo onyesha Singida."

Jamani, nilikwama. Nilikuwa nimeipita nchi hii mwaka baada ya mwaka, nimeifunika yote kwa mji wa mtu mwingine, na sasa nilipoulizwa ikoje sikujua nianzie wapi. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto kama mgeni. Gari lilikuwa linakwenda, na mteremko haungojei mtu ajipange.

"Kulia kuna mtama, Bibi. Umekomaa, umekuwa mwekundu. Kuna jukwaa la miti katikati ya shamba, na juu yake amesimama mama, anafukuza ndege."

"Mama navaa nini?"

"Kaniki. Na amefunga kichwa."

"Sasa nafanya nini?"

"Ameacha kufukuza, Bibi. Anatutazama sisi."

"Mpungie."

Nikatoa mkono nje nikampungia yule mama nisiyemjua. Naye akapunga, kwa mikono yote miwili, ndege wakapata nafasi yao. Nikamwambia Bibi, na Bibi akanyoosha mkono wake mwembamba dirishani, akaushikilia hapo mpaka gari liliposimama lenyewe.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na alasiri nyingi tulitoka. Sikumdanganya tena hata jiwe moja. Nilimwonyesha ndege weupe wa ziwani, watoto wa mbuzi, paa la tembe lililoota nyasi, mtu anayegombana na punda wake. Alipofariki nililia hadharani kama mfiwa, watu wakanishangaa. Nilimpenda yule mzee kama mama yangu.

Baadaye niliendesha malori ya idara ya barabara mpaka bendera ikabadilika, na miaka mingi baada ya hapo, mpaka mgongo ukasema basi. Junagadh sijafika, wala sina hamu. Siku hizi wajukuu hunipeleka kliniki kwa gari lao. Kwenye mteremko niliwahi kumwomba mmoja wao azime injini, akanieleza kwa adabu kwamba magari ya sasa ukizima usukani unakaza, na breki zinakuwa nzito. Ni kweli, mimi dereva, naelewa. Macho yangu nayo yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo humwuliza tu aliyekaa dirishani anaona nini huko nje.

"Hakuna kitu, Babu," hunijibu. "Ni Singida tu."