Degedege Halichomwi Sindano

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Nzega, mama mkwe wangu aliacha kinu na mtungi kwenye mahame yetu, lakini fuko lake la dawa alilipakata ndani ya lori mpaka tukafika. Ndani mlikuwa na mizizi, majani makavu ya kivumbasi, na kinyesi cha tembo cha kufukizia watoto wenye degedege. Mimi sikumcheka. Wanangu wawili wa kwanza walipona kwa moshi ule, au niliamini hivyo.

Mvua zilipoanza, binti yangu mdogo akashikwa homa. Alikuwa na miaka miwili, ndiyo kwanza anajua kufukuza mbuzi. Asubuhi ya pili macho yakageuka juu, viungo vikakakamaa. Mama mkwe akamfunika shuka, akamfukiza, akamkanda kwa majani. Mtoto akatulia.

Nikasema, "Mama, nimpeleke zahanati."

"Akafanywe nini? Degedege halichomwi sindano. Umesahau mtoto wa jirani? Alichomwa, hakufika hata mlangoni. Mke mwenzangu huyu niachie mwenyewe, wivu wako wa nini?"

Nikacheka kidogo, maana ndivyo alivyokuwa akimtania mjukuu wake. Lakini mwili wa mtoto ulikuwa unachemka. Bibi yake alipokwenda kuchimba mizizi mingine, nikambeba mgongoni, nikaondoka.

Muuguzi alikuwa dada mpole, ameletwa kutoka Tabora mjini. Akamgusa paji la uso. "Mama, amepata degedege?"

"Hapana, dada. Homa tu."

"Mnanificha sana ninyi mama zangu."

"Kweli tena, homa tu."

Nilijua nikisema ndiyo atatoa sindano, na sindano itamuua. Nilitaka dawa ya zahanati bila sindano, nikajiona mjanja. Akanipa vidonge, nikavifunga kwenye pindo la kanga, nikarudi nimefurahi. Mtoto alivitapika vyote. Degedege likarudi mara mbili kabla ya adhuhuri, na mara ya pili hakuamka.

Kwenye matanga mama mkwe aliwaambia wanawake, "Vidonge vya zahanati vimemmaliza. Mimi nilikuwa nimeshamtuliza."

Ningesema kwamba vidonge havikukaa tumboni. Ningesema kwamba nilimdanganya muuguzi. Sikusema. Wanawake wakatikisa vichwa, na tangu siku ile wakawa wanawafungia ndani watoto wenye homa.

Masika yale tulizika wengine wawili. Majina yao ninayo, na ya mama zao. Nilikwenda kote kulia, nikakaa mkekani na wafiwa. Mama mmoja akaniegemea bega, akasema, "Mwenzangu, wangu hata sikumpeleka. Niliogopa yaliyokukuta wewe."

Nikamshika mkono.